Dirisha la jikoni kwanza, marumaru baadaye

Wenzangu wa Tanga mnaokarabati jiko: kama madirisha ni ya zamani, yabadilisheni kabla marumaru hazijagusa ukuta. Kung'oa fremu kunabomoa lipu pembeni, na marumaru mpya zitapasuka nayo.

Kabla fundi hajapima, amueni kwanza urefu wa kaunta kutoka sakafuni. Nyingi hufika kama sentimita 90, na dirisha la zamani mara nyingi huanzia chini ya hapo. Sinki likikaa chini ya dirisha, hakikisheni kioo hakifungukii ndani kikagonga bomba. La kusukuma pembeni halina shida hiyo, ila linafungua nusu tu. Kwa joto letu, na mafuta ya kukaangia samaki, mimi ningechukua linalofungukia nje, mradi grili iwe ndani na nyavu ya mbu iweze kutolewa kuoshwa.

Kwa nyumba za Raskazone na kwingine karibu na bahari, msikubali skrubu za chuma cha kawaida kwenye fremu ya alumini. Chumvi ya hewani huzila haraka, na alumini inayozizunguka nayo huharibika. Dai skrubu zisizoshika kutu, ukague kila moja kabla silikoni haijapakwa.