Kipuli kikali, jicho maji: namna ya kupima lenzi kabla hujailipia

Kazi yangu ni kupiga picha za kupamba, ile hafla ya wanawake peke yao ambapo hata mpiga picha lazima awe mwanamke. Biharusi huingia usiku, saa nne au saa tano, taa zimepunguzwa, na hupita mara moja tu. Humwambii arudi nyuma aingie upya.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia ukumbini na lenzi mpya ya 85mm, isiyotoka kwa kampuni iliyotengeneza kamera yangu. Nilipofungua picha nyumbani, kipuli cha dhahabu kilikuwa kikali mpaka unahesabu nakshi zake, na jicho kama limetiwa maji. Ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya kumi hivyo. Mamake biharusi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, picha zimetoka, lakini mbona kama anasinzia?"

Hapa Mombasa utaambiwa upesi: umeuziwa feki. Sivyo. Feki ni kitu kinachojifanya kingine. Sigma na Tamron ni kampuni za Japani zinazouza kwa majina yao, na kasoro ya fokasi, yaani ukali kuangukia pasipotakiwa, mara nyingi haimo kwenye vioo vyao, imo kwenye mazungumzo. Lenzi na kamera husemezana kupitia vile vidoti vya rangi ya dhahabu zinapokutana. Canon ilipoleta EF, mfumo wake wa kuunganisha lenzi na kamera, mwaka 1987, haikuwafundisha wengine lugha hiyo. Walijifunza kwa kutega sikio mlangoni. Ndiyo maana lenzi kadhaa za zamani za Sigma ziligoma kwenye kamera za Canon zilizokuja baadaye. Sony walifungua mlango mwaka 2011, wakatoa kanuni za msingi za mfumo wao, wa E, bila malipo, ila chumba cha ndani wamebaki nacho: kamera yao ya A1 hupiga picha hadi 30 kwa sekunde, lakini ukiivalisha lenzi ya kampuni nyingine mwisho ni 15. Mimi 15 zanitosha. Biharusi hakimbii.

Jina moja pia si kinga. Ukiwa na Nikon D3500 ukanunua lenzi ya Nikon ya aina ya zamani, AF-D, utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote, maana lenzi haina mota ya kusogeza fokasi na kamera nayo haina.

Kwa hiyo usiulize lenzi ni ya nani. Ipime, tena kwenye kamera yako mwenyewe, si ile ya dukani.

Kifaa changu cha kupimia ni tasbihi ya plastiki iliyokatika uzi. Nilitunga upya shanga 33 kwenye uzi mmoja mnyoofu, na ile ya 17 nikaipaka rangi nyekundu ya kucha. Zilaze mezani zikielekea mbali nawe, ya kwanza karibu, ya mwisho kule. Ubavuni mwa ile nyekundu simamisha kiberiti, maandishi yakutazame. Kiberiti ni muhimu: kamera hutafuta kitu chenye mistari kilichosimama wima, na ukiilengesha shanga zenyewe itajichagulia inayoitaka, kisha uilaumu lenzi bure. Kamera iwe kwenye stendi, juu kidogo ya meza, mita moja na nusu hivi. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, yaani namba ya f iliyo ndogo kabisa, tumia nukta moja ya fokasi, ile ya katikati.

Sasa piga 10. Kabla ya kila moja iharibu fokasi kusudi, mara uipeleke mbali kabisa, mara uilete karibu kabisa, ili lenzi itafute njia yenyewe. Kisha zikuze na uhesabu shanga. Kwa 85mm kwenye f/1.8 na kamera yenye sensa kubwa (sensa ni ile sehemu inayonasa picha; kubwa ni ile ya full frame), eneo kali halizidi sana sentimita 3.5, yaani shanga nne tu za kawaida, na nyekundu inapaswa kuwa katikati yao.

Hapa ndipo penye kazi yote. Picha zote 10 zikikosea upande uleule, kwa kiasi kilekile, lenzi hiyo ina mazoea, na mazoea hurekebishika. Zikitawanyika, moja mbele, moja nyuma, moja sawasawa, hicho ni kigeugeu. Kirudishe. Hakuna mpangilio utakaokitibu.

Mazoea haya huwapata zaidi wenye kamera za kioo, yaani DSLR, kwa kuwa fokasi hupimwa na sensa ndogo ya chini huku picha ikinaswa na sensa nyingine. Njia hizo mbili zikipishana kidogo tu, unapata kipuli. Kuhakikisha, piga nyingine ukitazamia skrini ya nyuma, ambapo fokasi hupimwa na sensa ya picha yenyewe: ikitoka kali, lenzi ni nzima, ni marekebisho tu yanayotakiwa. DSLR nyingi za daraja la kati na juu zina sehemu ya kurekebisha fokasi ndani ya menyu. Kwa lenzi za Sigma za Art, Contemporary na Sports kuna USB Dock, na Tamron wana TAP-in Console. Hizi hurekebisha kwa umbali mbalimbali, jambo ambalo menyu ya kamera haiwezi. Lenzi yangu ya kipuli ilipona hivyo, na ningali nayo.

Kamera zisizo na kioo hupima kwenye sensa ileile ya picha, hivyo kosa hilo karibu halipo. Huko angalia kusitasita. Na usikubali kupimia barazani saa sita mchana. Jua letu humfanya kila mtu awe fundi. Ingia ndani, washa balbu moja, mwambie mwenzako avae mtandio aje kwako polepole. Lenzi ikienda mbele na nyuma kama mtu anayetafuta viatu msikitini, umeshaona utakachokiona ukumbini.

Ikiwa ni ya mtumba, mulika ndani kwa tochi ya simu utafute kuvu, utando kama wa buibui. Unyevu wetu wa pwani hauna huruma. Vile vidoti vifute kwa kitambaa kikavu kabla hujahukumu chochote. Nimewahi kudhani lenzi imekufa, kumbe ni jasho na chumvi ya ufukweni kwetu Mama Ngina.

Lenzi mpya za kampuni nyingine pia husasishwa programu yake ya ndani, aidha kupitia kamera, au kwa waya wa USB kama nyingi za Viltrox. Usisasishe siku ya harusi. Mimi husasisha Jumatatu, na Jumanne shanga ziko mezani tena.