Jinsi ya kuutazama mchoro wa Ubatizo wa Kristo wa Sebastiano Ricci ukiwa na simu tu

Watu wengi wakikutana na michoro ya zamani ya Biblia wanasema nzuri halafu wanaskroli, na inaniuma kwa sababu ndani mule kuna mambo mengi sana. Huu Ricci aliuchora kwa rangi za mafuta 1713 au 1714 hivi akiwa Uingereza, yeye kwao ni Belluno, kaskazini mwa Italia, na sasa hivi uko kwenye makumbusho ya Metropolitan Museum, New York. Tangu 2017 wale jamaa wameachia bure picha za kazi zao nyingi za zamani, kwa hiyo ingia tovuti yao, andika jina la Ricci, shusha picha kubwa. Usichukue zile ndogo za kwenye gugo, ukizumu zinakuwa ukungu tupu.

Kabla hujaangalia chochote soma Mathayo 3 yote, ni fupi. Andika pembeni vitu vinavyotajwa: vazi la singa za ngamia, mshipi wa ngozi, mto, mbingu kufunguka, Roho anashuka kama hua, na sauti. Sasa fungua picha utafute kimoja kimoja. Hiyo sauti ndo ngumu maana sauti haichoreki, na wachoraji wa Italia mara nyingi walimweka Mungu Baba juu mawinguni, angalia Ricci kaamuaje. Halafu mkono wa Yohana: wengi walimpa kombe la baharini au kibakuli amwagie Yesu maji kichwani, Mathayo hasemi hivyo kabisa.

Hapa sasa usiwe na haraka. Mchoro huu haukuwa kazi ya mwisho, ulikuwa wa kumwonesha mteja kabla picha yenyewe haijachorwa ukutani. Mteja ni Henry Bentinck, aliyekuja kuwa Duke wa Portland 1716, na ukuta ni wa kanisa dogo la nyumbani kwake Bulstrode House. Kanisa lile halipo tena, kwa hiyo hiki kitambaa cha kama sentimita 66 kwa 101 kimebeba kumbukumbu nzito! Ndo maana zumu kwenye watu wa nyuma nyuma, brashi imepita mbio, rangi kidogo tu na tayari una mtu. Mi hapo ndo napapenda kuliko hata katikati, unaona kabisa mkono wa fundi unavyofikiri.

Ukishachoka kuzumu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu (kila simu ina hiyo ya kuhariri), kisha ishike mbali na ufinye macho. Rangi zikiondoka unabaki na mwanga na giza tu, na utajua jicho lako linavutwa wapi kwanza na linapelekwa wapi baadaye. Rudisha rangi uangalie mavazi, Ricci alimfuata sana Paolo Veronese, mchoraji wa Venisi wa karne ya 16 aliyependa umati na nguo za kifahari, kwa hiyo jiulize nani pale kavaa Kiyordani na nani kavaa Kivenisi.

Ukimaliza tafuta Karamu ya Mwisho ya Ricci huyo huyo, iko National Gallery of Art, Washington, nayo ilikuwa ya kanisa lile lile na ukubwa unakaribiana. Ziweke mbili ubavu kwa ubavu, anza na mwanga unatokea upande gani.