Kumtoa nyota na kuchukua chipukizi katika ligi ya fantasi ya NBA

Nyota wa miaka 31 ni kama nguru wa asubuhi pale ufuoni. Saa mbili wanunuzi watatu wanasukumana, na saa saba samaki ni yuleyule ila muuzaji ndiye anayebembeleza. Ligi ya fantasi ni mchezo wa marafiki kuunda vikosi vya wachezaji halisi wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na kushindana kwa takwimu zao. Katika ligi ya kudumu, ile ambayo kikosi hakivunjwi msimu ukiisha, hasara nyingi hutokana na watu kupeleka nyota wao sokoni saa saba.

Haya yanahusu ligi ya watu 10 au 12, kila mmoja akiwa na wachezaji 13, mkishindana kila wiki kwa vipengele tisa: pointi, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu), asisti (pasi inayozaa kikapu), kupokonya mpira, bloku (kuzuia mtupo hewani), mitupo ya pointi tatu, asilimia ya mitupo ya kawaida, asilimia ya mitupo huru, na kupoteza mpira (hapa mwenye machache ndiye mshindi). Kama ligi yenu huanza upya kila Oktoba, kaa na nyota wako ule mahamri kwa raha zako. Chipukizi hatakufaa kitu.

Uko upande gani wa jedwali?

Usiuze mtu kabla timu nyingi hazijacheza mechi 20, yaani karibu robo ya msimu wa mechi 82. Hapo tunakuwa Desemba mwanzoni, kaskazi inaanza kuvuma, na jedwali limeanza kusema kweli. Ukiwa kati ya wanne wa juu, usimtoe nyota. Ukiwa wa nane kwenda chini, mtoe. Wa tano hadi wa saba ndio wenye kuumwa na kichwa, na dawa yao ni kuandika umri wa wachezaji wao watano bora kwenye karatasi. Watatu wakiwa wamevuka 30, wewe ni muuzaji hata kama moyo unakataa.

Bei ya nyota hushuka kabla ya takwimu zake, kwa sababu mnunuzi wa ligi ya kudumu anahesabu miaka iliyobaki. Kwa hiyo muuze akiwa ametoka kucheza wiki tatu nzuri mfululizo, mzima wa afya. Ukisubiri goti lilie, utapewa nusu bei na pole.

Kuna jambo jingine la kalenda. Tangu msimu wa 2023-24 NBA inataka mchezaji awe amecheza mechi 65 ndipo afikiriwe kwa tuzo kubwa, na hilo limepunguza kidogo mapumziko ya nyota. Lakini timu ikishajua haiendi popote, Machi humkalisha mkongwe na kuwapa vijana uwanja. Ligi nyingi za fantasi hucheza hatua za mwisho wiki hizohizo. Nyota wa timu dhaifu anaweza kukufikisha fainali kisha akaitazama nawe akiwa na suti.

Chipukizi: hesabu dakika kabla ya jina

Vipande vya video vya kudanki ndivyo vinavyowaponza wengi. Anza na hesabu hii: gawa pointi zake kwa dakika anazocheza kwa mechi, kisha zidisha kwa 36. Fanya hivyohivyo kwa ribaundi, asisti na bloku. Utapata picha ya nini angefanya akipewa dakika za mchezaji wa kuanza.

Mfano mzuri ni wa zamani. Julai 1996 Los Angeles Lakers walimtoa senta wao, yule mrefu wa karibu na kikapu, Vlade Divac kwa Charlotte Hornets wakapata haki za kijana wa miaka 17 aliyetoka shule ya upili moja kwa moja, aliyechaguliwa wa 13 klabu zilipochagua wachezaji wapya mwaka huo: Kobe Bryant. Msimu wa kwanza alicheza dakika 15.5 kwa mechi na kufunga pointi 7.6. Mtu wa pupa angemtupa. Ukipiga hesabu, hizo ni pointi 17.7 kwa dakika 36. Msimu uliofuata dakika zilifika 26 na pointi 15.4, sawa na 21.3 kwa dakika 36. Pointi zake kwa mechi ziliongezeka maradufu, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilitokana na dakika tu.

Hesabu hii hudanganya mchezaji anapokuwa chini ya dakika 12 hivi. Dakika hizo mara nyingi ni za mwisho wa mechi iliyokwisha kuamuliwa, dhidi ya watu wa benchi. Basi mtazame. Mechi ya saa moja jioni kule New York sehemu kubwa ya msimu huanza hapa Mombasa saa tisa usiku, na humalizika alfajiri, kwa hiyo hakuna anayekutaka ukeshe kila siku. Tazama marudio ya mechi tatu, na katika kila moja angalia mambo mawili tu. Anaingia dakika ya ngapi ya robo ya kwanza? Na je, yuko uwanjani dakika tano za mwisho, timu zikiachana kwa pointi chini ya tano? Kocha anayemwacha kijana uwanjani wakati huo ameshaamua jambo, hata kama kwa waandishi anasema bado anajifunza.

Kisha mkataba. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza hupata mkataba wa miaka minne, na miwili ya mwisho iko mikononi mwa klabu, ambayo lazima iamue kabla Oktoba haijaisha. Klabu ikikataa kuuendeleza, wewe achana na biashara hiyo. Wao wanamwona mazoezini kila siku, wewe unamwona kwenye simu. Na takwimu za ligi ya kiangazi ya Las Vegas, kila Julai, zipunguze nusu kichwani. Mechi zile ni za dakika 40, na wengi walio uwanjani wanatafuta kazi.

Mitupo huru, mahali ambapo watu huzama

Hapa ndipo biashara nzuri hugeuka mbaya kimyakimya. Tuseme kwa wiki kikosi chako hupata mitupo huru 200 na kuingiza 160, yaani asilimia 80. Nyota unayemtoa hucheza mechi tatu, hupata mitupo 27 na kuingiza 24. Chipukizi hupata 15, anaingiza 9. Sasa una mitupo 188, iliyoingia 145. Asilimia 77.1. Mtu mmoja tu, na kipengele ulichokuwa ukishinda wiki nyingi kimekwenda na maji.

Kwa hiyo chagua mapema: ama utafute kijana anayepiga mitupo huru vizuri (na huyo pia mara nyingi ndiye atakayekuja kufunga pointi tatu, hata kama kwa sasa zinamkataa), ama ukubali kukipoteza kipengele hicho kwa makusudi na ukusanye masenta warefu wa ribaundi na bloku. Kukaa katikati ndiko kunakokula watu.

Bei

Mmoja kwa mmoja, kataa. Vijana wengi hawafiki wanakotabiriwa, kwa hiyo hatari hiyo lazima ilipiwe. Hata klabu zenyewe hufanya hivyo. Julai 2019 Oklahoma City Thunder walipompeleka Paul George kwa Los Angeles Clippers, alikuwa na miaka 29 na ametoka kumaliza wa tatu katika kura za mchezaji bora. Walimchukua Shai Gilgeous-Alexander, wakati huo miaka 20 na pointi 10.8 kwa mechi, lakini pia Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza (zamu za kuchagua wachezaji wapya miaka ijayo) na haki mbili za kubadilishana machaguo. Msimu uliofuata Shai alifunga 19.0, na 2025 akawa mchezaji bora na bingwa. Angeshindwa, machaguo yale yangebaki.

Upande wa pili wa sarafu ni Juni 2013. Philadelphia walimtoa Jrue Holiday, aliyekuwa ametoka kucheza mechi ya nyota wote, wakachukua Nerlens Noel na chaguo la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata. Noel alikuwa ameumia goti na hakucheza msimu mzima wa 2013-14. Linalosahaulika ni kwamba Holiday mwenyewe alikuwa na miaka 23 tu. Alikuja kuchukua ubingwa 2021 na Milwaukee na 2024 na Boston. Nyota ambaye bado ni kijana hauzwi kwa kijana zaidi.

Kwa ligi ya watu 12, kipimo chetu ni hiki: nyota aliye ndani ya 12 bora, bei yake ni chipukizi, chaguo la kwanza la msimu ujao (zamu ya kwanza ya mnunuzi ligi yenu ikichagua wachezaji wapya) na mchezaji mmoja wa kuanza. Aliye kati ya 13 na 36, chipukizi na chaguo la kwanza. Chini ya hapo, chukua chipukizi na uongeze chaguo la pili ukiweza.

Kupeleka ofa

Mnunuzi wako ni mmoja wa wale wanne wa juu, anayeshindwa kwa kipengele kilekile ambacho nyota wako ana ziada. Fungua matokeo yake ya wiki nne zilizopita. Akipoteza bloku kwa mbili au tatu kila wiki na wewe una senta wa bloku, umempata. Mwandikie faragha, si kwenye kundi, wala usilizungumze barazani kahawa ikizunguka; bei itashuka kabla kikombe hakijafika kwako.

"Salaam aleikum ndugu yangu, hongera kwa wiki tatu za ushindi. Naona bloku zinakuangusha kila Jumapili. Senta wangu nakuachia ukinipa yule dogo wako wa miaka 20, gadi wako wa pili na chaguo lako la kwanza la msimu ujao. Nakusubiri hadi kesho usiku inshallah, halafu nitabisha hodi kwingine."

Akijibu "dogo simtoi" kuhusu kijana ambaye hukumtaja, shukuru, maana amekuonyesha hazina iliko. Usipandishe ofa siku hiyohiyo.

Anayeuza chaguo la msimu ujao alipe mchango wa msimu ujao kabla biashara haijapita. Ligi nyingi huvunjika hapa: mtu anauza kesho yake yote, anachukua kombe, halafu hapokei simu. Na kama mnunuzi ni binamu yako, tafuta ofa mbili nyingine na uhifadhi picha za mazungumzo, kwa sababu kelele za njama zitakuja. Mtumie msimamizi wa ligi sentensi mbili za sababu kabla wenzenu hawajaanza kupiga kura ya kuipitisha au kuikataa biashara.

Ukitoa mmoja na kupokea wawili, programu nyingi zitakataa mpaka uondoe mchezaji mmoja. Mwandae mapema huyo wa kuondoka. Tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji huko NBA huwa Februari, saa tisa alasiri ya New York, ambayo hapa ni saa tano usiku. Mkongwe wa nafasi yake akiuzwa usiku huo, dakika za chipukizi zinaweza kuongezeka kabla hujalala, kwa hiyo mnunue wiki moja kabla. Kisha angalia saa ya mwisho ya ligi yenu wenyewe, maana programu nyingine huionyesha kwa majira ya Marekani, na wengi wamekosa biashara nzuri kwa kusoma saa ya watu wengine.