Kuuza haki ya kujenga shambani: soma hati kabla ya kuhesabu fedha

Mwaka 1974 kaunti ya Suffolk, iliyoko mashariki mwa Long Island katika jimbo la New York, ilianzisha utaratibu ambao wakati huo haukuwapo kwingineko Marekani: mkulima analipwa ili asiligeuze shamba lake viwanja vya nyumba, naye anabaki mwenye shamba, analima, anarithisha na hata kuliuza apendapo. Kinachonunuliwa si ardhi bali haki ya kuijenga, na makubaliano husajiliwa katika kumbukumbu za ardhi ili kila atakayelimiliki shamba baadaye abanwe na masharti yaleyale. Hapa tutaiita haki ya hifadhi. Kwa kuwa fedha zinazoilipia ni za umma, hati ikiandikwa ovyo hasara humfika mkulima na mlipakodi pamoja, na ndiyo sababu ushauri huu unahusu zaidi maneno ya hati kuliko ukubwa wa malipo.

Malipo yenyewe hukadiriwa hivi. Mthamini hupima bei ya shamba sokoni likiwa halina masharti, kisha bei yake likiwa nayo, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo thamani ya haki ya hifadhi. Tuseme bei ya kwanza ni dola 1,000,000 na ya pili dola 600,000. Haki ya hifadhi ni dola 400,000. Mpango wa shirikisho uliotokana na sheria ya kilimo ya mwaka 2014, unaosimamiwa na NRCS, idara ya uhifadhi wa maliasili katika Wizara ya Kilimo, huchangia kwa kawaida hadi asilimia 50 ya thamani hiyo, na hadi asilimia 75 kwa nyanda za malisho zenye umuhimu wa pekee kimazingira. Kinachobaki hutoka jimboni, katika kaunti, kwa shirika la kuhifadhi ardhi, au kwa mkulima mwenyewe akiridhia kupokea pungufu.

Sharti la kusomwa mara mbili ni lile la ardhi iliyofunikwa. Chini ya mpango huo wa shirikisho, mapaa, zege na lami kwa kawaida havipaswi kuzidi asilimia 2 ya eneo lililohifadhiwa, yaani ekari 2 katika shamba la ekari 100. Nyumba, ghala, zizi la ng'ombe wa maziwa na uwanja wa zege wa kugeuzia trekta vinaweza kuzimaliza ekari hizo upesi. Anayelima nyasi za malisho leo hataliona tatizo, lakini binti yake akitaka kesho kujenga vitalu nyumba, paa la kila kitalu litahesabiwa. Kikomo kinaweza kulegezwa hadi asilimia 10, ila ombi hupelekwa kabla ya kutia sahihi. Vilevile eneo la majengo lichorwe kwenye ramani karibu na barabara na penye udongo hafifu. Kuliweka katikati ya udongo bora ni kuharibu kile kile kilicholipiwa.

Kama shamba lina mkopo, benki lazima ikubali kwa maandishi kwamba dai lake litakaa nyuma ya haki ya hifadhi, la sivyo mnada unaweza kuifuta. Haki za madini zichunguzwe pia, kwani huenda ziliuzwa zamani kwa mtu mwingine.

Kabla ya kufunga mkataba huandaliwa ripoti ya hali ya mwanzo, na mkulima asiiachie ofisi peke yake. Atembee na mkaguzi mpaka wote, ahakikishe kila picha inaonyesha ilipopigiwa na upande inakotazama, na kwamba lile rundo la kokoto lililoachwa kando ya kijito tangu enzi za babu yake limo ripotini. Mkaguzi hurudi kila mwaka akiwa na picha hizo mkononi, na rundo ambalo halikupigwa picha mwaka wa kwanza huonekana kama ukiukaji wa mwaka wa tano.

Wapo wanaodhani kwamba fedha za umma huleta na haki ya umma kuingia shambani. Sivyo, isipokuwa hati iseme hivyo. Katika maeneo ya wazi yanayolindwa kwa ajili ya matembezi, njia na saa zake ziandikwe waziwazi.

Kasoro moja hujitokeza baadaye: tajiri anayetaka mandhari tu anaweza kulinunua shamba lililohifadhiwa, akawa anakata nyasi bila kulima. Massachusetts na Vermont hukabili hilo kwa kifungu kinachompa mshika haki ya hifadhi, yaani shirika au ofisi ya umma iliyoinunua, fursa ya kulinunua shamba kwa thamani yake ya kilimo pale linapotaka kuuzwa kwa asiye mkulima. Kwa maoni yetu kifungu hicho kinastahili kudaiwa hata pale ambapo si lazima.

Hatimaye, hati ieleze mgawanyo wa fidia serikali ikilitwaa shamba kwa ajili ya barabara. Kwa mfano wetu wa juu, haki ya hifadhi ilikuwa asilimia 40 ya thamani ya shamba. Hati ikitumia uwiano huo, asilimia 40 ya fidia ya ardhi hurudi kwa walioinunua haki hiyo, na asilimia 60 humwendea mkulima.