Polisi Wakifyatua Vitoza Machozi, Andika Nini

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kondele, Kisumu. Vijana hunijia baada ya maandamano wakisema, "Mama, polisi walitutupia gesi." Kesi haisimami kwa hilo peke yake. Sheria huuliza gesi ilitumiwaje.

Kabla ya kutoka, hakikisheni OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, amepokea notisi siku 3 hadi 14 mapema, na mbaki na nakala yenye muhuri. Hiyo ni taarifa tu, si kuomba ruhusa. Kifungu cha 37 cha Katiba kimeshatupa haki ya kukusanyika kwa amani, bila silaha.

Mambo yakichacha, tazama mtutu umeelekea wapi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 unakataza kopo la gesi kufyatuliwa likimlenga mtu, na kichwani au usoni ni mwiko kabisa. Andika askari alisimama wapi, wewe ulikuwa wapi, na hatua ngapi kati yenu. Walitoa onyo? Mliachiwa njia ya kutokea? Gesi haifai kurushwa ndani ya chumba kisicho na hewa wala pa kukimbilia, kwa sababu inaua. Nalisisitiza hili kwa sababu wanaoumia zaidi huwa watoto na wazee ambao hata hawakuandamana.

Risasi ya mpira ni ya kumzuia mtu anayekaribia kumjeruhi mwingine, nayo hulengwa miguuni au sehemu ya chini ya tumbo. Kuimiminia umati ili utawanyike ni kosa.

Kopo lililoanguka lipige picha papo hapo, maandishi yake yasomeke. Usiliguse, huwa la moto.

Tafuta pia jina au namba ya askari. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari mwenye sare avae jina au namba hiyo ionekane. Jedwali hilohilo linawaamuru askari waliokuwepo wamsaidie majeruhi mara moja na kuwajulisha jamaa zake, na akiumia vibaya au akifa, IPOA, mamlaka huru inayowachunguza polisi, waarifiwe.

Majeruhi apelekwe hospitali kwanza, cheti chake kitunzwe. Kisha ripoti kituoni, upewe namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Kituo kikikataa kuandika, nenda ofisi ya IPOA hapa mjini siku hiyohiyo, ukitaja saa uliyokataliwa na aliyekuwa kwenye dawati.