Kupiga rangi ya shaba kwenye motoka ya telekomande, kinyumenyume

Bandugu, kila nikitoka na motoka yangu barabarani kuna mtu atauliza hiyo rangi ya shaba nilinunua wapi, na hapa Lubumbashi ukisema shaba usitanie, watu wanaijua ikiwa mpya na ikiwa nzee. Ukweli ni kwamba hiyo rangi haiko kwenye bombe (kopo la rangi ya kupuliza) hata moja. Ni orange transparanti, nyuma yake silva, nyuma ya silva nyeusi, basi. Lakini ukizipanga vibaya unatoka na kitu kama chai iliyolala kwenye termosi. Najua juu karoseri yangu ya kwanza (ganda la juu la motoka) ilikuwa hiyo, nilipiga orange nikafuata na nyeusi moja kwa moja, nikasema silva nitaitunza kwa siku nyingine. Dogo wa jirani akaiangalia weee, akasema: "Yaya, hii motoka iliungua?"

Sasa tuanze na plastiki yenyewe. Karoseri nyingi za motoka za mbio ni za leksani, yaani polikaboneti, ile inayoonekana kama kioo na ukiikunja inarudi. Inapigwa rangi upande wa NDANI. Hapa ndipo mafundi wa gareji wanapotea, juu fundi wa kule Kenya (komini yetu, sio nchi) amezoea kuanza na apre (rangi ya msingi), halafu rangi yenyewe, halafu verni (ile ya kung'arisha juu) mwisho. Sisi tunaenda kinyume. Unayopiga kwanza ndiyo watu wanaiona kwanza, unayopiga mwisho inabaki tumboni, na leksani yenyewe ndiyo verni yako. Ukilielewa hilo kichwani umemaliza nusu ya kazi.

Transparanti peke yake ni kama Fanta kwenye chupa, inaonekana kulingana na kitu kilicho nyuma. Weka silva nyuma, mwanga unapita kwenye orange, unagonga silva, unarudi kupitia orange mara ya pili, ndiyo maana inakuwa na kina na inawaka juani. Weka nyeupe nyuma, unapata orange ya kikombe cha mtoto. Weka nyeusi, imekufa. Dhahabu nyuma ya nyekundu inatoka nzuri sana, ya joto-joto, ila hiyo tutazungumza siku nyingine.

Usiniamini mimi, jaribu. Karoseri mpya inakuja na mabaki ya leksani pembeni, yale unayokata na mkasi ukatupa. Usitupe! Chukua kipande kirefu kama kidole, piga orange pasi moja kote, halafu funika robo na karatasi, piga pasi ya pili kwenye kilichobaki, funika tena, ya tatu, ya nne. Unapata ngazi nne. Ikikauka, ishike dirishani na nyuma yake weka karatasi ya aluminiamu ya jikoni, halafu karatasi nyeupe, halafu sasheti nyeusi ya sokoni. Utaona mwenyewe pasi ngapi zinakupa shaba. Kwangu ni tatu, ya nne inaanza kuwa kama kutu. Dakika ishirini za mchezo huo zinakuokolea karoseri nzima.

Kuhusu bombe, mimi natumia za kampuni ya Tamiya zenye herufi PS, hizo ndizo za polikaboneti. PS-43 ni orange transparanti, PS-37 nyekundu transparanti, PS-12 silva, PS-41 silva inayong'aa zaidi, PS-5 nyeusi, PS-31 ile ya moshi ya vioo. Kuna za TS, kwa macho zinafanana kabisa, lakini hizo ni za plastiki ngumu. TS kwenye leksani inapasuka na kubanduka, na PS kwenye plastiki ngumu inaweza kuila hiyo plastiki, kwa hiyo soma herufi kabla ya kulipa. Na zile bombe za kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) za kupiga kwenye mageti, najua bei yake ni tamu, lakini leksani inakunjika na rangi ile haikunjiki, ukigonga ukuta mara moja inaanguka ndani kama magamba ya samaki. Kitu kingine, usimwambie mtu akubebee bombe kwenye ndege, inawaka moto na ina presha, hawaruhusu kwenye mizigo. Mimi zangu zinapanda kwa barabara kupitia Kasumbalesa, mtu akitoka upande wa kusini.

Kuosha: sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, ndani yote, suuza, acha ikauke yenyewe ama tumia kitambaa kisichoacha manyoya. Toka hapo usiguse ndani na vidole, mafuta ya ngozi yanabaki na rangi haishiki pale, utaona alama ya dole gumba kwa miaka. Usisafishe na asetoni! Dada yangu alikuwa na disolva ya kucha, nikasema tone moja tu kuondoa gundi, leksani ikatoka vistari vidogo-vidogo kama utando wa buibui na ikawa nyeupe pale pale. Hiyo haitengenezeki. Petroli pia hapana.

Ile plastiki nyembamba inayofunika nje, iache hadi mwisho kabisa. Inazuia vumbi la rangi linalozunguka na kukaa nje.

Vioo unaviziba kwa ndani na skochi ya karatasi ile nzuri isiyoacha gundi, unasugua ukingo na kucha hadi ushike kabisa, juu rangi ni nyepesi kama maji na inaingia chini ya skochi mahali popote penye mwanya. Kwenye boneti mimi nilitaka kimsalaba cha shaba, kile chenye mikono minne kama X ambacho wazee wa huku walifanyia biashara kabla ya noti. Nikakichora kwenye skochi, nikakata taratibu na kateri, nikakibandika ndani. Kumbuka unafanya upande wa ndani, kwa hiyo kama unaandika jina ama namba, igeuze kama kwenye kioo. Msalaba hauna shida, uko sawa pande zote.

Hali ya hewa usiichezee. Masika, kuanzia Novemba, ukipiga saa ambazo mvua inakaribia rangi inakauka na ukungu mweupe ndani yake, na transparanti haifichi kitu. Kiangazi hewa ni kavu, nzuri, ila ile vumbi yetu nyekundu iko kila mahali, basi mwagia maji kwenye sakafu kabla ya kuanza na usipige upepo ukivuma. Juni na Julai asubuhi ni baridi, bombe inakosa nguvu na inatema matone. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, ya kuoga mtoto, si ya ugali. Kuna mtu niliona anaipasha karibu na mbabula, jiko la mkaa. Jamani, kile ni kitu cha kulipuka. Vaa maski yenye filta ya mkaa, ile ya kitambaa haizuii harufu, na fanyia nje.

Kupiga transparanti ndiyo sehemu ya kuwa na subira. Tikisa bombe dakika mbili nzima. Simama kama sentimita 25 hivi, anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye karoseri, pita bila kusimama, achia ukishavuka. Ukisimama kidogo tu unapata doa, na doa la transparanti halifutiki kwa kuongeza rangi, linazidi kuwa jeusi zaidi ya jirani zake. Pasi ya kwanza iwe kama ukungu, utafikiri hujapiga kitu, watu wengi hapo wanaogopa wanaongeza. Usiongeze. Ngoja dakika kumi ama kumi na tano, geuza karoseri, piga pasi ya pili ukivuka ile ya kwanza, kama kwanza ulienda kutoka mbele kwenda nyuma sasa nenda kushoto kwenda kulia, mistari inafichana. Pembe za ndani, pale boneti inakutana na matao ya magurudumu, rangi inajikusanya yenyewe, kwa hiyo huko pita haraka zaidi. Kila baada ya pasi iinue juu ya mwanga uangalie kutoka NJE, ndani inakudanganya.

Mimi kabla ya orange nilipiga nyekundu transparanti kidogo chini kabisa kwenye milango, kutoka mbali, pasi moja na nusu, ikififia kwenda juu. Orange ikapita juu ya yote. Ukiangalia sasa inaonekana kama shaba iliyotoka tu kwenye moto, chini bado nyekundu.

Orange ikikauka vizuri (mimi nilingoja masaa matatu, masika ngoja zaidi), ondoa skochi ya msalaba peke yake, ile ya vioo bakiza. Ivute ikijikunja juu yake yenyewe, usiivute kwenda juu. Kama ukingo unataka kung'oka na rangi, pitisha kateri kidogo tu pale.

Halafu silva. Ndani ya silva kuna vipande vidogo vya aluminiamu, na vinatakiwa kulala chali vyote ndiyo ving'ae sawa. Ukiilowesha sana vinaogelea vinajikusanya, unapata mawingu-mawingu. Na kuna hatari nyingine ambayo hakuna aliyeniambia: maji ya silva yanaweza kuyeyusha orange iliyo chini, zinachanganyika na unapata uji. Kwa hiyo pasi mbili za kwanza za silva ziwe kavu-kavu, kutoka mbali zaidi, sentimita 30, zijenge ukuta. Zikikauka ndiyo unafunga vizuri na mbili ama tatu. Iinue kwenye jua, kama bado unaona mwanga unapita, ongeza. Wale wa aerografi (kile kipuliza rangi cha kompresa), metalike inaziba nozeli ndogo, mimi na ya milimita 0.3 niliteseka, na 0.5 ikapita bila shida kwa presha ya kama bari 2. Na umeme ukikatika katikati ya pasi, osha nozeli haraka usingoje urudi.

Nyeusi ni ya mwisho, pasi mbili nyepesi, kazi yake ni kuzuia mwanga kupita kutoka ndani na kuficha waya. Kama silva yako ilikuwa nyembamba, nyeusi itaifanya ya giza, wengine wanapenda hivyo, inafanana na kromu nzee.

Kwa karoseri za plastiki ngumu, zile za kupiga nje, geuza kila kitu: apre, silva, orange transparanti, verni juu. Na bombe za TS.

Ukishamaliza acha ilale usiku mmoja. Asubuhi toa skochi za vioo, na kama unataka vioo vya moshi piga PS-31 pasi moja ndani, ikianguka juu ya nyeusi haionekani. Toboa matundu ya zile nguzo zinazoshika karoseri kabla ya kuondoa plastiki ya nje, ili kifaa kikiteleza kikwaruze plastiki na si kioo chako. Halafu ndiyo unavuta ile plastiki, polepole kutoka kona ya nyuma, na rangi inatokea kama imelowa. Yule dogo wa jirani alikuwa amesimama pale na mkate mkononi, mzee mmoja naye akasogea, akaangalia ule msalaba wa silva kwenye boneti, akacheka: "Motoka umeifanya ya shaba, msalaba ambao ni wa shaba kweli umeufanya wa bati?"