Kuomba programu za utafiti wa sayansi Marekani ukiwa Mtwara au Lindi: anza na makopo ya mbaazi

Alikuja binti wa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), simu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Kuna programu ya utafiti Marekani, ya majira ya joto, hawalipishi. Mwisho wa maombi keshokutwa." Nikamuuliza, umewahi kuchunguza nini wewe mwenyewe, nje ya mitihani? Akanyamaza.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Mtwara. Nimekaa na wanafunzi kadhaa kwenye maombi ya namna hii, na makosa mengi nitakayoyataja niliyafanya mimi kabla yao. Hizi ndizo hatua, kwa mpangilio ninaoufuata sasa.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Programu hizi si kambi za matembezi. Inayotajwa zaidi ni RSI, yaani Research Science Institute, inayoendeshwa na taasisi ya CEE (Center for Excellence in Education) tangu 1984 na kufanyika chuo kikuu cha MIT, jirani na Boston. Ni wiki sita. Ya kwanza ni masomo mazito, tano zinazofuata unafanya kazi chini ya mtafiti, na mwisho unaandika ripoti na kuiwasilisha mbele ya watu. Masomo, malazi na chakula ni bure, nauli ni juu yako. Wanaochukuliwa kwa mwaka ni takriban mia moja tu. Nyingine ni Summer Science Program, iliyoanza 1959. Katika mkondo wake wa astronomia wanafunzi hukaa watatu watatu, hupiga picha za asteroidi kwa darubini, kisha hukokotoa njia yake kuzunguka jua.

Soma masharti ya uraia kabla ya kitu kingine. Zipo zinazochukua raia na wakazi wa kudumu wa Marekani pekee, na utapoteza wiki mbili kujaza fomu isiyokuhusu. RSI yenyewe, kwa kawaida, huwapata wanafunzi wa nje kupitia taasisi za nchi zao, kwa hiyo waandikie kwanza uulize kama nchi yako ina njia.

Zipo pia zenye majina ya kuvutia zinazotoza maelfu ya dola na kumpokea karibu kila mwenye kulipa. Kipimo changu ni hiki: ukikubaliwa siku tatu baada ya kuomba, na barua yenyewe ina namba ya akaunti, zima simu ukale.

Hatua ya 2: Linganisha kalenda yao na yetu

Hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Majira yao ya joto ni kipupwe chetu. Programu nyingi huanza mwishoni mwa Juni na kuisha mwanzoni mwa Agosti, na nyingi zinamtaka mwanafunzi aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari. Kwetu huyo ni wa kidato cha tano. Aliyemaliza cha sita mwezi Mei, kwao keshahitimu, na huku JKT inamngoja.

Sasa rudi nyuma. Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Machi. Wakati huo upo kidato cha tano, umezama kwenye mada mpya, huna hata Jumapili. Utafiti utaufanya saa ngapi? Jibu ni ile miezi baada ya mtihani wa kidato cha nne, kuanzia mwisho wa Novemba mpaka Julai, ambayo vijana wetu huimalizia kwenye bodaboda ya mjomba na tuisheni ya kutangulia. Hiyo ndiyo nafasi yako.

Na tarehe: Wamarekani huandika mwezi kwanza. Mwaka mmoja niliona 2/3 kwenye tangazo, nikamwambia mwanafunzi wangu tuna muda hadi tarehe 2 Machi. Ilikuwa 3 Februari. Tulifungua ukurasa katikati ya Februari tukakuta pamefungwa. Yule kijana hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta swali dogo lililo karibu na nyumba

Ukimwambia mwanafunzi achague mada, atakuletea tiba ya saratani au nishati ya gesi ya Mnazi Bay. Mada kubwa, lakini yeye ana daftari na rula. Swali zuri ni lile unaloweza kulijibu kwa kuhesabu, kupima au kulinganisha, ukiwa nyumbani, kwa miezi miwili.

Angalia majira pia. Wengi wanataka ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, na ni swali zuri, kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanalifanyia kazi miaka yote. Ila ugonjwa huo unapamba moto mikorosho inapotoa maua, kuanzia Juni hivi, na likizo yako ndiyo inakwisha. Wa Lindi hunitajia Tendaguru, kwa sababu mifupa ya yule dinosaria mkubwa aliyeko Berlin ilichimbwa huko kati ya 1909 na 1913. Sawa, soma habari zake. Lakini usiende kuchimba, mali kale ina sheria zake na kibali hupewi wewe.

Yaliyobaki ni mengi. Chumvi kwenye maji ya visima vya Mikindani kabla na baada ya mvua. Ugonjwa wa batobato kwenye mihogo ya mashamba mawili yaliyopandwa mbegu tofauti. Mbaazi zinazobunguliwa ghalani. Hili la mwisho nimelisimamia mara nyingi, nitalieleza kwa kirefu.

Hatua ya 4: Fanya jaribio, na usifute kitu

Swali: kati ya jivu na majani ya mwarobaini, kipi kinazuia zaidi mbaazi zisibunguliwe?

Nunua kilo moja ya mbaazi sokoni, zisizotiwa dawa. Zitazame kwa karibu: vidoa vyeupe vilivyoganda juu ya punje ni mayai ya mdudu, kwa hiyo wadudu unao tayari. Mimina zote kwenye sinia moja, changanya vizuri, ndipo uhesabu punje 200 kwa kila kopo. Ukiruka kuchanganya, kopo moja litapata mayai mengi kuliko jingine na jaribio limekufa kabla ya kuanza.

Makopo yawe 12. Manne yatiwe jivu lililochekechwa, manne unga wa majani ya mwarobaini yaliyokaushwa kivulini, manne yasitiwe kitu. Haya ya mwisho ndiyo ya kulinganishia. Pima gramu 3 za jivu au unga kwa kila kopo. Usitumie kijiko, maana kijiko cha jivu na kijiko cha mwarobaini havina uzito mmoja. Mizani ya maabara ya shule inatosha, mwombe mwalimu. Funika kwa kitambaa chepesi na mpira ili hewa ipite na mdudu asipite. Yape makopo namba, kisha piga kura lipi likae wapi kwenye rafu, ili yale ya jivu yasijikusanye yote upande wa dirisha.

Kila baada ya wiki mbili, kwa wiki nane, mimina kopo kwenye sahani nyeupe, hesabu punje zenye tundu, rudisha kila kitu pamoja na jivu lake. Andika siku hiyohiyo kwa kalamu ya wino.

Kijana mmoja wa Nanguruwe alikuta kopo namba 7, lisilotiwa kitu, lina matundu machache kuliko hata ya jivu. Sisimizi walipenya chini ya kitambaa na kula wadudu. Akataka kulifuta kopo lile lisimharibie wastani. Nikamwambia, mwanangu, piga mstari mmoja, acha tarakimu isomeke, andika pembeni kilichotokea. Akatoa wastani mara mbili, na kopo la 7 na bila kopo la 7, akaonyesha yote mawili.

Hatua ya 5: Andika insha

Rasimu ya kwanza ya yule kijana wa Nanguruwe ilisema anaipenda sayansi tangu utotoni. Nilikata sentensi hiyo na tano zilizoifuata. Ya pili ilianza na sisimizi: nini alikitegemea, nini alikikuta, angefanya nini tofauti akirudia, na swali jipya lililomjia la kama sisimizi wenyewe wanaweza kulinda ghala. Wasomaji wa maombi wanataka kuona unavyofikiri jambo linapokwenda kombo. Divisheni wani wanayo waombaji wengi.

Andika kwanza kwa Kiswahili, ukipenda hata kwa Kimakonde, mpaka fikra inyooke. Kisha ihamishie kwenye Kiingereza chako wewe, kifupi. Kiingereza cha kuazima kinajulikana.

Hatua ya 6: Barua za walimu

Barua zetu nyingi husema mwanafunzi ni mtiifu, msafi na anaheshimu wakubwa. Inamfaa kiranja. Hapa mwalimu aeleze tukio: siku uliyobishana naye kuhusu osmosisi na ukarudi kesho yake na kiazi kilichokatwa kuthibitisha.

Mfuate wiki tatu kabla, ofisini, na karatasi moja yenye ulichofanya. Muulize pia kwa adabu kama barua pepe yake inafunguka. Kiungo cha kupandishia barua hutumwa huko moja kwa moja, na sisi walimu wengi tulifunguliwa barua pepe na kijana wa steshenari aliyeondoka na nywila.

Hatua ya 7: Karatasi na saa

Cheti cha kuzaliwa cha RITA kwanza, kisha pasi. Angalia majina yafanane herufi kwa herufi na ya NECTA. Masharti ya viza hubadilika, yasome upya mwaka huohuo, na usikate tiketi kabla ya viza.

Saa: kati ya Desemba na Februari, saa sita usiku ya Boston ni saa mbili asubuhi yetu, siku inayofuata. Hayo masaa manane yaache kwa ajili ya umeme kukatika. Wewe tuma siku tatu kabla.

Hatua ya 8: Kazi ileile ipeleke na hapa nyumbani

Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011, huwakutanisha wanafunzi wa sekondari na miradi yao kwenye maonyesho Dar es Salaam, chini ya mwalimu wa shule. Hawahitaji pasi wala viza. Utafiti uliouandalia Boston haupungui thamani ukibandikwa kwenye bango la Dar, na maswali ya majaji wa hapa ni makali vilevile.

Huko ndiko anakoelekea yule binti wa PCB, maana keshokutwa yake ilipita, na mwakani atakuwa kidato cha sita. Ana makopo tisa kwenye rafu ya bweni. Yalikuwa 12, matatu matroni aliyachukua akidhani ni mboga ya mtu. Yalikuwa ya jivu.